Flaiwili Kwanza, Klachi Baadaye: Kazi ya Defender Td5

Dereva wa watalii anayepanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu huijua klachi iliyochoka kabla fundi hajaiona. Gari liko gia ya nne, mafuta yamekanyagwa, injini inapaza sauti, mwendo hauongezeki. Kona mbili tatu zikipita, harufu ya kuungua inaingia ndani. Gari likifika gereji Arusha huagizwa pleti, presha na beringi, giaboksi ikashushwa na vipya vikafungwa. Haupiti muda mrefu gari hilohilo linarudi likitetemeka. Kwa Land Rover Defender yenye injini ya Td5, swali la kwanza ninalouliza gari linaporudi hivyo ni kama kuna mtu aliyeipima flaiwili.

Td5 ni injini ya dizeli ya lita 2.5 na silinda 5. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenkishafti, kwa hiyo kila baada ya nyuzi 144 kuna pigo. Injini ikinguruma gari limesimama, kwa mizunguko kama 750 kwa dakika, hayo ni mapigo 31 hivi kila sekunde, na ya dizeli ni mazito. Ndiyo maana gari hili lilipewa flaiwili yenye sehemu mbili, aina ambayo kampuni ya LuK ya Ujerumani ilianza kuitengeneza mwaka 1985. Sehemu ya kwanza imefungwa kwenye krenkishafti. Ya pili ndiyo inayosuguana na pleti. Katikati yake kuna springi zilizolala ndani ya grisi, na hizo ndizo zinazomeza mapigo yasifike kwenye giaboksi. Pleti inapoteleza kwa muda mrefu joto lake huingia humohumo: grisi hukauka au kuvuja, springi hulegea. Kwa hiyo klachi iliyoungua karibu kila mara imeiumiza na flaiwili, hata kama usoni inang'aa.

Kushusha giaboksi ya Defender ni kazi ya nguvu kuliko ya siri. Kava la katikati ya sakafu linatolewa pamoja na vijiti vya gia, propela shafti zote mbili zinafunguliwa, waya wa handibreki unaachiwa. Nyuma ya injini huwekwa jeki, maana giaboksi ikitoka injini hulala. Kinachokula muda ni mtambaa-chasi ulio chini ya giaboksi: boliti zake hushika kutu, na mara nyingi hautoki bila nyundo. Giaboksi ya R380 ikiwa imeungana na LT230, boksi la kugawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, ni mzigo ambao watu wasijaribu kuupokea kwa vifua.

Kipimo kinaanza giaboksi ikishakaa pembeni na presha imefunguliwa. Sehemu ya nyuma ya flaiwili huzungushwa kwa mkono kulia na kushoto mpaka springi ziugomee mkono, kisha hutikiswa kama mtu anayetafuta uchezaji wa beringi ya tairi. Mtengenezaji ametoa kiwango kwa kila flaiwili: inazunguka bure kiasi gani, inatikisika milimita ngapi. Gari ninaloandika habari zake hapa lilikuwa na madoa ya buluu usoni pa flaiwili, grisi iliyorushwa kwenye ukuta wa nyumba ya klachi, na sehemu ya nyuma ilizunguka mbali kabla ya springi kushika. Hapo hapakuwa na mjadala. Kukereza flaiwili ya namna hii hakusaidii, kwa sababu ugonjwa uko ndani na mashine inagusa uso tu.

Mjadala ulikuwa juu ya kitakachorudishwa. Njia moja ni flaiwili mpya ya sehemu mbili. Nyingine ni ya kipande kimoja cha chuma, ambayo wenye Td5 wengi wameikubali: inavumilia joto, na ikichakaa inakerezwa. Kwa gari linalobeba watalii na mizigo yao kwenye barabara za hifadhi, napendelea ya kipande kimoja, nikijua gharama yake. Mngurumo unaongezeka gari likisimama, na giaboksi inapokea mapigo yaliyokuwa yanamezwa. Basi sharti langu halibadiliki: flaiwili ya kipande kimoja iende na pleti yenye springi katikati, na presha ya seti hiyohiyo. Kuchukua pleti ngumu iliyotengenezewa flaiwili ya sehemu mbili na kuibana kwenye chuma kimoja ni kuyapeleka mapigo yote moja kwa moja kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Nimeona gereji zikifanya hivyo kwa kuwa pleti iliingia vizuri, na inaniuma, kwani mwenye gari hajui alichofungiwa.

Kabla ya kufunga kuna kipande cha bei ndogo kinachostahili kutazamwa kuliko vyote: uma wa klachi. Kwenye R380 uma huu wa bati la kukandamizwa huegemea kichwa cha duara cha chuma, na baada ya miaka kichwa hicho hutoboa bati. Siku ikitokea, pedeli inakwenda chini na giaboksi nzima lazima ishuke tena. Tuliweka uma mpya ulioongezwa bati mgongoni, tukabadilisha bushi ya mwisho wa krenkishafti na oili sili ya nyuma ya injini. Boliti za flaiwili zilikuwa mpya. Pleti ilisawazishwa kwa shafti kuukuu ya giaboksi, na boliti za presha zikakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, ili diaframu isipinde. Wakati wa kurudisha giaboksi jeki ndiyo ilibeba uzito mpaka mwisho. Ikining'inia kwenye pleti, pleti mpya hupinda kabla haijafanya kazi.

Dereva alielezwa jambo moja la barabarani. LT230 ina gia ya chini ya uwiano wa 3.32 kwa 1, na gari hili linaweza kuitumia bila kufunga difu ya katikati, hata kwenye ardhi kavu. Kuanza kupanda kutoka chini ya kreta ya Ngorongoro kwa gia hiyo kunafupisha sana muda ambao pleti inateleza.

Gari lilitoka bila abiria kwa siku za mwanzo. Tundu lililo chini ya nyumba ya klachi, lile la kizibo cha kuvukia maji, tuliliacha wazi kwa makusudi. Litakaporudi, kidole kitapitishwa hapo: oili nyeusi ni sili ya injini, ya giaboksi ni safi na nyepesi zaidi. Pakiwa pakavu, kizibo kitarudishwa na gari litapewa safari.