Sauti Ubaoni: Kuhusu Lugha ya Mabango ya Stesheni za Redio

Stesheni ya redio ijitangazayo kwa bango la barabarani hujitia katika mtihani wa ajabu: chombo kisicho na kitu ila sauti chaomba kusikilizwa kwa maandishi yaliyo kimya. Enzi ya Sauti ya Kenya mtihani huu haukuwako, kwani idhaa hiyo ya serikali haikuwa na mshindani humu nchini. Ulikuja katika miaka ya 1990, watu binafsi walipopewa leseni; Capital FM ilianza mwaka 1996, na nyingine nyingi zikafuata.

Tulitazame bango lenyewe kama matini. Kwa kawaida lina nyuso za watangazaji, jina la stesheni na tarakimu za masafa. Sentensi, ikiwapo, haizidi maneno manne matano. Aliyezoea jina la kanga atadhani amekutana na utanzu ule ule, maana yote mawili ni maandishi mafupi yasomwayo kwa kupita. Lakini kanga hupita msomaji akiwa amesimama. Bango husimama msomaji akapita. Tena jina la kanga humsema mtu, hata asipotajwa: jirani, mke mwenza, wifi. Ndiyo sababu husomwa mara mbili. Bango halina wa kumsema.

Wako wenzetu wanaolaumu majina kama Radio Jambo na Radio Maisha kwa kukosa kiunganishi cha -a. Lawama hiyo siioni. Lugha iliyotupa bwana shamba, fundi chuma na askari kanzu haiwezi kuyakataa. Katika Milele FM, kielezi kimefanywa jina, na kimekaa vizuri. Hata tarakimu zina kazi yake ya kisarufi: ndizo kitenzi cha bango, zikibeba amri ya kufungulia mahali fulani.

Kosa, kwa maoni yangu, limo katika nyuso. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alianza kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, na wengi waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura. Sura walijiundia wenyewe. Hebu msomaji alitazame jina hilo la kipindi: ni swali, lina mlengwa, nalo humlazimisha apitaye kujibu moyoni. Lingetosha bango zima pasipo picha. Watungaji wa leo hawaliamini neno kiasi hicho, basi nafasi yote huwaachia meno na miwani.

Jambo hili si dogo kwetu tufundishao lugha. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa ya taifa, na mabango haya ni miongoni mwa maandishi yake makubwa kabisa yaonekanayo njiani. Wenye stesheni watajitetea kwamba mpita njia hana wakati wa kusoma. Huenda ni kweli kwingineko. Dereva aliyekwama Mombasa Road saa kumi na moja jioni ana wakati wa kusoma utenzi, naye amewekewa maneno manne.