The Circle: Riwaya ya Kazi Tuliyoisoma Kama Riwaya ya Kamera

Kila ninapoitaja The Circle ya Dave Eggers mbele ya wasomaji wenzangu, jibu huwa lilelile: "Ah, ile ya kamera! Ile ya kampuni inayochungulia watu." Siwalaumu. Riwaya ilitoka mwaka 2013, mwaka uleule Edward Snowden alipoanika upelelezi wa serikali ya Marekani, kwa hiyo ikapokelewa kama kitabu cha faragha. Filamu yake ya mwaka 2017, yenye Emma Watson na Tom Hanks, ikaukazia usomaji huohuo. Nimeirudia mwezi uliopita, taratibu, kalamu mkononi, na sikubaliani na wengi. Kwangu mimi kamera ndizo sehemu dhaifu ya kitabu hiki. Utamu wake uko mezani, pale ambapo binti wa miaka ishirini na kitu anakaa, anajibu maswali ya wateja, na anafurahi.

Neno la kushika hapo ni hilo la mwisho: anafurahi. Riwaya za kazi tulizozizoea ni za watu wanaoteseka na wanaojua kwamba wanateseka. Eggers anauliza jambo lingine: inakuwaje mtu apewe mzigo, kisha apige makofi?

Kwa ambao hawajaisoma, kisa chenyewe ni chepesi. Mae Holland anatoka mji mdogo wa California, ambako alikuwa akifanya kazi katika shirika la umeme na gesi na kuichukia kazi yake kila siku. Rafiki yake wa chuo, Annie, ambaye amepanda ngazi haraka, anamwingiza Circle, kampuni iliyoimeza mitandao ya kijamii, utafutaji, malipo na karibu kila kitu kingine. Kampuni ina kampasi yenye bustani, vyakula vya bure, wanamuziki, vyumba vya kulala. Mae anapokewa kama mtu aliyefika peponi.

Siku ya kwanza Annie anamfanyia utani mmoja ambao naona ni ufunguo wa kitabu kizima. Badala ya meza nzuri, Mae anapelekwa kwenye kijichumba cha kizamani, kompyuta imechoka, kuta zimefunikwa kitambaa cha gunia, sawasawa na kule alikotoka. Machozi yanamlengalenga. Kisha Annie anacheka: ni mchezo tu, meza yako ya kweli iko kule. Mwandishi hahitaji kueleza zaidi. Tangu dakika hiyo Mae hana ubavu wa kukataa lolote, kwa kuwa ameonyeshwa gunia, na kila atakachopewa baadaye atakipima kwa gunia lile.

Na anapewa kweli. Kazi yake ni huduma kwa wateja. Mteja anauliza, Mae anachukua jibu lililoandaliwa, analitia maneno mawili matatu ya kibinadamu, anatuma, kisha mteja anampa alama. Lengo ni mia. Akipata pungufu ya mia, anamwandikia tena mteja kumuuliza kilichomkwaza ni nini. Baada ya muda inaongezwa skrini ya pili, ya ujumbe wa wenzake na wakubwa zake. Kisha ya tatu, ya mtandao wa kijamii wa kampuni, ambao anaambiwa si lazima, ni furaha tu, ila una cheo kinachopimwa kwa tarakimu na kila mtu anakiona. Kisha kifaa cha mkononi cha kupima afya. Kisha vipokea sauti vya masikioni, ili ajibu maswali ya utafiti wa soko huku akiendelea na wateja. Hakuna siku hata moja ambayo bosi anamfokea. Kila nyongeza inaletwa na kijana mchangamfu anayetabasamu, kama mtu anayekuletea zawadi ya Idi.

Hapa Eggers ni fundi. Skrini anaziongeza moja moja, kurasa nyingi zikipita katikati, hata msomaji mwenyewe asahau kuhesabu. Nilipofika katikati ya kitabu nilirudi nyuma kutazama meza ilianza na nini. Nadhani alitaka nirudi.

Kuna tukio la Ureno ambalo kila mfanyakazi wa ofisini angelisoma kwa sauti. Mae anaitwa kwa meneja wake. Anakuta jamaa mmoja, Alistair, amenuna. Kosa la Mae ni nini? Jamaa aliandaa chakula cha mchana kwa watu wanaopenda Ureno, na mfumo ulimwalika Mae kwa sababu uligundua kwamba aliwahi kupiga picha huko. Mae hakuuona mwaliko. Basi. Kwa hilo kinafanyika kikao cha usuluhishi, na Mae anaomba radhi kama aliyemwaga damu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana wiki ileile mtu mzima na akili zake aliniuliza mbona nimeisoma meseji yake saa nne na nimejibu saa sita.

Tukio jingine halichekeshi. Baba yake Mae ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, multiple sclerosis. Anazidiwa, Mae anakimbilia nyumbani, na anapata muda mfupi wa kupiga kasia baharini peke yake ili apumue. Jumatatu watu wa rasilimali watu wanamweka kitako. Hawana ukali hata kidogo. Wanamuuliza kwa upole: mbona hukuandika popote? Mbona hukujiunga na kundi la watu wenye wazazi wagonjwa kama baba yako? Mbona kasia umepiga bila kuweka hata picha? Huzuni yake imekuwa kazi ambayo hakuikamilisha. Usiku huo Mae anakaa mezani akiandika maoni na kulaiki picha za watu asiowajua hadi cheo chake kipande, na anajisikia mshindi.

Wahakiki wengi wamemwita Mae mjinga. Mimi naona wamepita haraka mno kwenye suala la bima. Wazazi wa Mae walikuwa wakizungushwa na kampuni yao ya bima, madai yanakataliwa, mama anashinda kwenye simu akigombana na makarani. Annie anazungumza na watu wake, na wazazi wote wawili wanaingizwa kwenye bima ya Circle. Baba anatibiwa. Sasa niambie, ndugu msomaji: wewe ungekataa skrini ya tatu? Sisi ambao ajira ya mtoto mmoja hubeba ukoo mzima, ambao tunajua maana ya kuandikishwa kama mtegemezi kwenye kadi ya mtu, hatuna haki ya kumcheka Mae. Shangwe yake imelipiwa, na risiti ipo kitandani kwa baba yake. Baadaye bima hiyohiyo inaleta masharti hadi ndani ya nyumba ya wazazi, na hapo nitanyamaza nisikumalizie uhondo.

Hili ndilo linaloipa riwaya uzito. Watu hushangilia teknolojia mpya kwa sababu mara nyingi inafanya kazi kweli. Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco na kuionyesha iPhone, na ukumbi ukalipuka. Miezi miwili baadaye Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya bila mbwembwe za namna hiyo, na aliyekuwa akimpa dereva wa basi bahasha ya hela ampelekee mama yake kijijini akaanza kuzituma kwa simu ya tochi. Ile furaha ilikuwa na sababu. Mhakiki anayeicheka furaha hiyo kutoka juu hajawahi kusubiri bahasha isiyofika.

Kwa upande wa kazi, niliyaona haya kwa macho yangu. Katika chumba kimoja cha habari nilichopitia Dar es Salaam, siku tulipogawiwa simu janja na bando la ofisi tulipiga picha za pamoja kama wahitimu. Ndani ya mwaka tulikuwa na makundi ya WhatsApp sita: la habari, la picha, la dharura, la wahariri, la wafanyakazi wote na la rambirambi. Ukutani ikatundikwa televisheni inayoonyesha habari zinazosomwa zaidi dakika hiyo. Mwenzetu mmoja alirudi na habari ya visima vya maji aliyoifuatilia wiki tatu, akaiona ukutani chini ya habari ya harusi ya msanii. Hakuna aliyemsema. Yeye mwenyewe ndiye aliyeacha kwenda vijijini. Na mhariri wetu mmoja, mama wa makamo, alipofiwa na kujitoa kwenye makundi, ujumbe wa kwanza kumfikia matangani ulikuwa, "Mama pole sana, ila mbona umetoka kundini?" Aliyeandika alimpenda kwa dhati. Eggers hajawahi kukaa nasi, lakini kikao kile cha kasia na baba mgonjwa kiliandikwa kana kwamba alikuwepo.

Sasa kasoro zake, na si chache. Pale Eggers anapoogopa kwamba hatujaelewa, anaanza kuhubiri. Mercer, mpenzi wa zamani wa Mae anayetengeneza mapambo ya taa kwa pembe za wanyama, kazi yake kubwa kitabuni ni kutoa hotuba na kuandika barua ndefu. Kila akifungua mdomo, riwaya inasimama. Kuna papa anayewekwa kwenye tangi la maji na kula kila kiumbe anachokutana nacho, na mwandishi anakaribia kukushika kola akuambie: papa ndiye kampuni! Tumeelewa, mzee. Mae naye, kadiri kamera zinavyoongezeka, anakauka. Nusu ya kwanza tulikuwa na mtu. Nusu ya pili tuna hoja inayotembea. Ndiyo maana nasema kamera zimeidhoofisha riwaya: zinapokuja, meza inasahaulika.

Kasoro kubwa zaidi ni ya macho ya mwandishi. Nilipomaliza The Circle niliichukua Kuli ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Inaweza kuonekana ni ulinganisho wa ajabu, lakini zote mbili zinauliza nani anabeba na nani anafaidi. Katika Kuli mzigo una uzito na jasho lina harufu. Rashidi na wenzake wanakaa chini ya mzigo mmoja, wanatazamana, na kule kutazamana ndiko kunakozaa mgomo. Katika The Circle kila mtu ana mzigo wake kwenye skrini yake, na mwenzako ni tarakimu iliyo juu au chini yako. Mgomo hauwezi kuzaliwa hapo, na Eggers ameliona hilo vizuri sana. Asichokiona ni kwamba makuli bado wapo, ila wamehamishwa mbali na kampasi.

Wapo Nairobi, kwa mfano. Mwaka 2019 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, aliajiriwa huko na kampuni ya Sama kuchuja maudhui ya Facebook, kazi ya kutazama mauaji na ukatili siku nzima ili mimi na wewe tusivione. Alifukuzwa baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, na Mei 2022 akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook. Kitabu kilitoka kabla ya kesi hiyo, simdai Eggers utabiri. Ila huyu ndiye mwandishi aliyechapisha What Is the What mwaka 2006, riwaya inayofuata maisha ya Valentino Achak Deng, mkimbizi wa Sudan aliyekulia kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Upande huu wa dunia anaujua. Katika The Circle, watu wa nje ya kampasi ni nyuso za kwenye skrini, wa kuangaliwa au kuhurumiwa. Hakuna anayefanya kazi.

Pamoja na hayo, nakishauri kitabu hiki, hasa nusu yake ya kwanza, kwa yeyote anayeajiriwa leo. Nakishauri zaidi kwa waandishi wetu. Tuna hadithi nyingi za Kiswahili ambamo simu ni chombo cha fumanizi: meseji ya mchepuko imeonekana, ndoa imevunjika. Sawa. Ila nani anaandika kuhusu dereva wa bodaboda wa kwenye mtandao anayeogopa nyota moja ya abiria aliyelewa? Wakala wa pesa ambaye akikosea tarakimu moja mshahara wake umekwenda? Binti wa kituo cha simu anayeambiwa atabasamu kwa sababu tabasamu linasikika? Malighafi imejaa mtaani, na watu wake wana furaha na simu zao kwelikweli. Riwaya hiyo ikiandikwa, namwomba mwandishi wake asiianze na kamera. Aianze na siku ya mshahara wa kwanza.