Jeni Nne Zilifutwa, Kuoza Kukaendelea

Mwaka 1993 Segenet Kelemu, mtafiti kutoka Ethiopia, na Alan Collmer wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walichapisha utafiti juu ya bakteria ambaye kwa hesabu za maabara hakupaswa kuozesha mmea. Jeni zake kuu za kuozesha zilikuwa zimefutwa. Hata hivyo, akiingizwa kwenye tishu za mmea, bado alizilainisha. Kazi hiyo inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu inaonyesha jinsi jaribio safi kabisa linavyoweza kuficha nusu ya ukweli.

Bakteria mwenyewe wakati huo aliitwa Erwinia chrysanthemi. Tangu 2005 kundi lake linaitwa Dickeya. Hushambulia viazi mviringo, mahindi, maua na mazao mengine mengi. Kiazi alichokiingia hugeuka ute unaonuka. Seli za mmea hushikamana kwa pektini, kama matofali yanavyoshikwa na udongo, na bakteria huyu hutoa vimeng'enya viitwavyo pektati liasi vinavyoikata minyororo ya pektini. Vimeng'enya hivi huhitaji kalsiamu na hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye ualkali. Kila mnyororo unapokatwa, kipande kinachobaki hufyonza mwanga wa urujuanimno wa takriban nanomita 230. Ndiyo maana kasi ya kimeng'enya hupimwa kwa mashine ya mwanga, bila kubahatisha kwa macho.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kwamba vimeng'enya hivi vinatosha kuozesha. Katika miaka ya 1980 jeni zinazovitengeneza zilihamishiwa ndani ya Escherichia coli, bakteria wa utumbo asiye na ugomvi wowote na kiazi. Alipopewa jeni ya pelE na kuitumia kwa wingi, naye akaweza kulainisha kiazi. Hatua ya pili ilikuwa kuuliza kinyume chake: bila jeni hizi, ugonjwa upo? Mwaka 1988 Collmer na mtafiti mwenzake Ried waliripoti kwamba wamefuta pelA, pelB, pelC na pelE, jeni zote za pektati liasi zilizojulikana katika aina ya bakteria huyu iitwayo EC16. Ufutaji huo ulikuwa wa kulenga: kila jeni ilijulikana mahali ilipo, ikaondolewa, na bakteria akabaki mzima katika mambo mengine.

Kwenye chakula cha kawaida cha maabara, chenye chumvi na pektati (umbo la pektini) iliyosafishwa, matokeo yalikuwa kama yalivyotarajiwa: kimeng'enya hakikuonekana. Kwenye mmea, uozo ulipungua lakini haukuisha. Mtafiti mwenye haraka angesema kuna vimeng'enya vya aina nyingine, akafunga daftari. Kelemu na Collmer walikitilia shaka chakula chenyewe. Shambani bakteria hakutani na pektati safi. Hukutana na ukuta mzima wa seli pamoja na kemikali zake zote. Basi wakamlisha dondoo na kuta za seli za mmea wa krisanthemamu, kisha wakapima upya.

Upimaji ulitumia mbinu iliyoripotiwa na Ried na Collmer mwaka 1985. Protini hutenganishwa ndani ya jeli kwa chaji zake za umeme, kisha juu yake hulazwa utando mwembamba wa agarosi wenye pektati. Utando ukitiwa rangi ya rutheni nyekundu, pektati iliyobaki nzima huwa nyekundu, na mahali kimeng'enya kilipokata huonekana mstari mweupe. Mistari ikaonekana: kulikuwa na kundi la pili la pektati liasi, lililoamshwa na mmea tu.

Ugumu uliofuata ulikuwa kuipata jeni ya kundi hilo, iliyolala mmea usipokuwapo. Jawabu lilichapishwa mwaka 1995 na Collmer pamoja na watafiti wenzake Alfano na Ham. Walitumia Tn5tac1, kipande cha DNA kinachoruka na kujipachika popote kwenye jenomu, kikiwa na swichi inayowashwa kwa kemikali. Kikitua jirani na jeni iliyolala, huiamsha bila kuhitaji mmea. Wakitumia bakteria aliyekwisha kufutiwa jeni kuu, kila dalili ya pektati kukatwa ilielekeza kwenye jeni mpya. Hivyo ikapatikana pelL, jeni ya kimeng'enya kimojawapo cha kundi hilo la pili.

Kwa mdhibiti wa magonjwa, maana yake ni nzito. Dawa au jeni ya kinga inayozuia kimeng'enya kimoja itampunguza kasi bakteria huyu bila kumkomesha, kwa kuwa ana akiba. Lakini vimeng'enya vyake vya pektati, vile vikuu na kile cha pelL pia, hutoka nje kwa njia moja, mfumo wa utoaji uitwao Out. Bakteria mwenye Out iliyoharibika hutengeneza vimeng'enya vikabaki ndani ya seli yake, na uwezo wa kuozesha humtoka. Naamini hapo ndipo nguvu ya utafiti ielekezwe.

Kelemu alikuja baadaye Nairobi, akaongoza BecA, kituo cha sayansi ya viumbe hai, kuanzia 2007, na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kuanzia 2013. Maabara za kanda yetu zinazopima bakteria kutoka mashamba ya viazi ya Nyandarua au Njombe zina haki ya kuurithi utaratibu wake, na hauhitaji mashine ya ajabu. Kabla ya kuandika kwamba bakteria fulani hana kimeng'enya fulani, aoteshwe pia kwenye dondoo la zao lenyewe alikotolewa, la aina inayolimwa na wakulima wetu. Jibu la "hana" lililopatikana kwenye chakula safi peke yake lihesabiwe kuwa swali ambalo halijaulizwa vizuri.