Ng'ombe Hupasuliwa Akiwa Bado Amesimama

Farasi ambaye utumbo wake umejisokota hulazwa chali kwa dawa ya usingizi na kupasuliwa katikati ya tumbo, haraka, kabla utumbo haujaoza kwa kukosa damu. Hiyo ni kazi ya hospitali kubwa. Bukoba na Muleba, Tanzania, farasi ni nadra; mnyama wa kutegemewa ni ng'ombe, ambaye samadi yake ndiyo uhai wa migomba na kahawa ya kibanja, yaani shamba la nyumbani. Kwake upasuaji wa tumbo unawezekana hata bandani, na sababu ya kwanza ni maumbile yake zaidi kuliko vifaa. Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100 na limeegemea ubavu wa kushoto. Humo ndimo mifuko ya plastiki na kamba hujikusanya, hasa kwa ng'ombe wa ndani anayeletewa maganda ya ndizi kutoka sokoni.

Daktari wa mifugo hunyoa na kuosha eneo la nyuma ya ubavu wa mwisho, hupiga ganzi, huchana ngozi na misuli. Hatua inayofuata ndiyo roho ya kazi: kabla ya kulifungua tumbo, hulishonea kwanza kwenye kingo za jeraha kuzunguka pande zote, ili uchafu ukimwagika uangukie nje. Ndipo huzamisha mkono na kuvuta plastiki iliyosongamana na majani. Akimaliza, hulishona tumbo kwa safu mbili za uzi unaoyeyuka, kingo zikikunjwa kwa ndani, kisha misuli na ngozi.

Wapo wanaosema banda ni chafu mno. Lakini uchafu wa kutisha zaidi ni ule ulio tumboni mwa ng'ombe mwenyewe, na mshono ule wa awali ndio kinga yake. Hoja nzito ni kwamba kuchinja ni nafuu. Kwa ng'ombe mzee, ni kweli. Kwa mtamba mwenye mimba, hesabu hugeuka. Hata hivyo uamuzi utangulie sindano za antibayotiki, maana baada yake nyama haifai kuliwa mpaka siku za dawa ziishe. Tena njia hii humtaka mgonjwa mwenye nguvu za kusimama. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 imesaidia, ila kamba na vifungashio bado vipo. Kwa hiyo ng'ombe anayekonda, asiyecheua vizuri na anayevimba kushoto mara kwa mara apimwe mapema; akishaanguka, ufundi wa daktari una nafasi ndogo.