Kushuka au Kurukia? Watazamaji wa Lubumbashi na Filamu ya Vita vya Kolwezi

Filamu ya Raoul Coutard iitwayo La Légion saute sur Kolwezi ilitoka mwaka 1980, miaka miwili tu baada ya matukio inayoyasimulia. Imetokana na kitabu cha Pierre Sergent chenye jina hilohilo, na miongoni mwa waigizaji wake wamo Bruno Cremer, Jacques Perrin na Mimsy Farmer. Wapenzi wa sinema za vita huko Ufaransa wanaihesabu kuwa mojawapo ya filamu zao za kukumbukwa. Katika makala haya hatukusudii kurudia sifa hizo. Tunakusudia kuyachunguza maoni ambayo tumeyasikia kila filamu hii ilipotazamwa hapa Lubumbashi mbele ya wanafunzi na jamaa zao, kwa sababu tunaona kwamba ndani ya maoni hayo mna uhakiki ambao sisi wasomi tumeuchukulia kwa wepesi mno.

Tuanze na jina. Mwanafunzi aliyeombwa kulitafsiri alisema kwanza "Lejioni Yashuka Kolwezi", kisha akasita, akapendekeza "Lejioni Yarukia Kolwezi". Wenzake wakagawanyika papo hapo. Kushuka ni tendo la askari wa miavuli: anatoka angani, anafika chini. Kurukia ni tendo la chui. Kifaransa kimeziweka maana zote mbili katika kitenzi kimoja, na filamu inafaidika na utata huo. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri achague upande. Mjadala wa usiku ule haukupata kutoka nje ya vitenzi hivyo viwili, na pengine haukuhitaji kutoka.

Kwa wale ambao hawakuwapo, tukumbushe kwa ufupi. Mnamo Machi 1977 wapiganaji wa Front National pour la Libération du Congo (FNLC), chini ya Nathanaël Mbumba, waliingia mkoa wa Shaba kutoka Angola. Hiyo ndiyo "vita ya siku themanini". Mei 1978 walirudi, safari hii wakipitia Zambia, na tarehe 13 wakaushika mji wa Kolwezi, kitovu cha machimbo ya Gécamines. Tarehe 19 kikosi cha 2e REP cha Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa, kilichoongozwa na Kanali Philippe Erulin, kiliruka juu ya mji. Wa kwanza kuruka walikuwa takriban askari 400. Kesho yake wakafika makomando wa Ubelgiji. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba waliuawa Waafrika wapatao 700 na Wazungu wapatao 170. Wenyeji wanaiita "vita ya siku sita".

Maoni ya kwanza, ambayo hayakosekani hata mara moja, ni haya: "Hapa si Kolwezi." Husemwa katika dakika za mwanzo, na husemwa na watu ambao hawajui kwamba filamu ilipigwa katika Guyana ya Kifaransa. Wanaijua miti. Kolwezi iko kwenye nyanda za juu za miombo na vichuguu; mwezi wa Mei mvua imekwisha, majani yameanza kukauka, asubuhi ni baridi, na vumbi la machimbo limeketi juu ya kila kitu. Kwenye kioo wanaona kijani kizito cha nchi ya ikweta. Mama mmoja aliyekulia Manika aliitazama filamu nzima akitafuta barabara ya kwao, na asiione.

Tulipoyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza, tuliyapuuza. Tulijiambia kwamba mtazamaji asiyefunzwa huidai sanaa iwe picha ya pasipoti, na kwamba mhakiki hushughulika na fani na maudhui, si na miti. Kosa lilikuwa letu. Coutard hakuwa mgeni wa kamera: alipiga picha katika vita vya Indochina, na baadaye ndiye aliyekuwa mpiga picha wa À bout de souffle ya Jean-Luc Godard (1960), filamu ambayo nusu ya uhai wake ni mitaa ya Paris yenyewe. Mtu huyo alijua vizuri mahali ni nini katika sinema. Kama katika kazi hii mji umegeuka pazia la nyuma, ni kwa sababu kisa hakiuhitaji. Kinachohitajika ni sehemu yoyote yenye joto ambamo Wazungu wamezingirwa, na mbingu ya kushukia. Kwa hiyo anayesema "hapa si Kolwezi" amekwisha kutoa hukumu juu ya dhamira, ingawa amepitia mlango wa mandhari.

Hapa inafaa kuilinganisha na The Longest Day (1962), filamu ya Wamarekani kuhusu uvamizi wa Normandie wa tarehe 6 Juni 1944. Ina kasoro zake, na wingi wa nyota wake huchosha. Lakini sehemu zake muhimu zilipigwa Normandie kwenyewe, Wajerumani wanasema Kijerumani, Wafaransa Kifaransa, na adui ana chumba chake ambamo anafikiri, anabishana na kukosea. Katika filamu ya Coutard kisa kinachukuliwa na Kifaransa, lugha ya ubalozi, ya kikosi na ya majumba ya wahandisi. Kiswahili, ambacho ndicho kilikuwa lugha ya foleni ya maji, ya karakana na ya kilio katika wiki ile, hakikupewa kazi ya kubeba fikra ya mtu yeyote. (Filamu ya mwaka 2016 juu ya Waayalandi waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1961, ilipigwa Afrika ya Kusini. Mkoa wetu una bahati mbaya na sinema.)

Hata hivyo kuna maoni ya pili, na hayo ndiyo yaliyotutatiza zaidi. Baadhi ya wazee huitazama filamu kwa shukrani. Wanasema bila kuzunguka kwamba wale askari wasingeshuka, wao wasingekuwa hai. Kijana mmoja alimjibu mzee kwamba Wafaransa walikuja kwa ajili ya shaba na ya Mobutu. Mzee alikubali yote mawili, kisha akasema kwamba yeye aliyekuwa chini ya kitanda hakuuliza mlango unafunguliwa kwa ajili ya nani. Ukumbi ulinyamaza. Mhakiki anayetaka kuifuta kauli hiyo kwa maneno kama "kasumba ya ukoloni" ajaribu kwanza kuitoa mbele ya mtu aliyeishi siku zile. Sisi hatukuthubutu, na tunadhani tulifanya vema, ingawa bado tunashikilia kwamba shukrani ya mtazamaji haiibadili filamu kuwa ya kweli.

Kwa maana nani mvamizi? Kitenzi kuvamia kwa Kiswahili ni kumwangukia mtu ghafla. Huweza pia kuwa ni kujitia katika jambo usilolijua. Wanafunzi walilitumia neno hilo kwa FNLC, wakalitumia kwa Lejioni, na mmoja akalitumia kwa askari wa serikali walioshutumiwa kupora. Wale wapiganaji kwenye filamu ni kundi lisilo na jana. Walakini walikuwa na jana ndefu: wengi walitokana na majandarme wa Katanga waliokimbilia Angola baada ya utengano kwisha Januari 1963, na watoto wao. Tena walikuwa na kesho ambayo Coutard hakuweza kuijua, kwani "Tigres" hao walirudi pamoja na majeshi ya AFDL yaliyoingia Lubumbashi Aprili 1997. Mtazamaji wa leo ambaye ndugu yake alikuwa upande huo hawezi kuwatazama kama kundi la vivuli. Tulimwona mmoja akitoka nje kabla ya nusu ya pili. Hakusema neno, na hatukumwuliza.

Kuhusu wale marehemu 700, filamu haina la kusema lenye uzito. Wapo kama idadi, tena kwa mbali. Ukitaka kuona namna nyingine ya kusimulia historia ya nchi hii, umtazame Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa papa hapa, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian historia nzima ya Zaire katika picha mia moja hivi, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Fabian alizichapisha mwaka 1996. Tshibumba naye hakuwa mwadilifu kwa kila upande, na anajipinga mara kwa mara. Lakini katika picha zake mtu wa site si pambo la ukurasa. Ndiye anayetazama, na ndiye anayesema.

Yule mama wa Manika, filamu ilipokwisha, alianza kusimulia yake tangu Jumamosi ile ya tarehe 13. Hakuna aliyeondoka, na masimulizi yake yalikuwa marefu kuliko filamu. Waliokuwa watu wazima mwaka 1978 sasa wamepita miaka sitini. Wanafunzi wa idara yetu wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya vyema kuwaonyesha wazee filamu hii na kunasa wanayoyasema wakiwa wanaibishia, si kwa maswali ya dodoso. Na wanapoyaandika wayaache katika Kiswahili chake: basoda wabaki basoda, wasigeuzwe askari kwa ajili ya kutupendeza sisi walimu.