Alama ya Kipaji cha Uso: Tilaka, Chakra na Mahubiri Yetu ya Kilombero

Katika makala hii tunakusudia kuipima tafsiri moja inayosikika katika mahubiri ya hapa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero. Husemwa kwamba nukta nyekundu iliyo katika kipaji cha uso cha mwanamke wa Kihindu ni ile chapa ya mnyama ya Ufunuo 13. Au kwamba ni tundu la kuingilia pepo, kwa sababu hapo ndipo ilipo chakra ya sita. Wasikilizaji wetu wengi wameiona nukta hiyo katika filamu tu. Tena neno letu “Mhindi” huwachanganya watu: Mwismailia, Mkatoliki wa Goa na Kalasinga wote huitwa hivyo, wala alama hii si ya ibada yao.

Hata kwa Wahindu wenyewe tilaka si moja. Wafuasi wa Shiva hujipaka mistari mitatu ya majivu iliyolala. Wafuasi wa Vishnu, mistari iliyosimama, ya udongo au ya sandali iliyosagwa, mfano wa liwa ya wanawake wa pwani. Washirika wa Swaminarayan, ambao ni wengi miongoni mwa Wagujarati wa Afrika Mashariki, huchora mfano wa herufi U na kutia nukta nyekundu ndani yake. Wekundu huo asili yake ni manjano yaliyochanganywa na chokaa. Mke huipaka nukta. Mjane, kwa desturi ya kale, aliiacha. Kwanza kabisa, basi, alama hii hutaja mtu ni wa nani.

Mafundisho ya chakra yametoka katika mkondo mwingine, yaani tantra na yoga. Andiko lake mashuhuri, Shat-chakra-nirupana la Purnananda, ni la karne ya 16, na John Woodroffe alilitoa kwa Kiingereza mwaka 1919. Humo twasoma juu ya vituo sita katika uti wa mgongo, na nguvu iliyojikunja kama nyoka, ambayo mtu huipandisha kwa pumzi na tafakari hadi utosini. Kituo cha sita, ajna, kipo katikati ya nyusi. Wapo Wahindu wanaoiunganisha nukta na kituo hicho; hatukatai. Lakini maandiko yao hayakubaliani hata juu ya idadi ya chakra, na zile rangi za upinde wa mvua tuzionazo katika picha za siku hizi ni nyongeza ya waandishi wa Magharibi wa karne ya 20. Anayepakwa tilaka hekaluni halazimiki kuijua chakra hata moja.

Mbona basi tafsiri hii hushika upesi kwetu? Katika bonde hili kichwa kimekuwa uwanja wa vita. Watu waliotuhumiwa uchawi wamepelekwa kunyolewa ili nguvu yao ikome. Wengine huchanjwa chale ili mwili ufungwe. Mhubiri anayesema “tundu la pepo” amemsoma Mhindu kwa miwani ya mganga. Anadhani anapinga upagani, kumbe ameukiri mimbarini: amefundisha kwamba rangi ina nguvu. Isitushangaze akija Mkristo kuomba mafuta ya kufungia kipaji chake.

Tena mhubiri huyo hupitwa na jambo ambalo Mlutheri angepaswa kulichungulia kwa hamu. Huko India ya Kusini wafuasi wa Ramanuja waligawanyika juu ya neema. Kundi moja lafundisha kwamba Mungu huokoa kama paka abebavyo kitoto chake kwa meno, nacho hakifanyi lolote. Jingine, kwamba huokoa kama nyani, ambaye mtoto wake hana budi kumshikilia. Wa paka huchora Y inayoteremka hadi puani. Wa nyani huchora U. Wameshitakiana hata mahakamani juu ya alama gani apakwe tembo wa hekalu la Kanchipuram! Ugomvi wa Luther na Erasmo juu ya hiari ya mwanadamu umechorwa pale usoni. Rudolf Otto, mwanatheolojia Mlutheri, aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1930.

Hapa ndipo ukosoaji wa kweli unapoanzia. Juu ya chakra, neno letu ni fupi: ni ngazi ya kupanda, nasi twamhubiri yeye aliyeshuka. Juu ya shule ya paka kazi ni ngumu zaidi, maana hatuwezi kusema kwamba hawaijui neema. Twaweza tu kuwauliza neema hiyo ilimgharimu Mungu nini, na kuutaja msalaba. Katika utaratibu wa ubatizo wa mwaka 1526, Luther aliagiza ishara ya msalaba ifanywe kipajini na kifuani mwa mtoto, naye mtoto huyo, kama kile kitoto cha paka, hajafanya lolote.