Akina Mama wa Relini

Katika kijiji cha La Patrona, jimboni Veracruz nchini Mexico, wako wanawake ninaowavulia kofia. Tangu 1995 wanapika wali na maharage, wanavifunga mifukoni pamoja na chapati za mahindi, kisha wanakimbilia relini honi ya treni ya mizigo inaposikika. Juu ya mabehewa wapo wahamiaji wa Honduras, Guatemala na El Salvador, wakielekea Marekani. Chupa za maji hufungwa mbilimbili kwa kamba, ili mkono unaopita kasi upate pa kushika.

Anayesinzia huko juu huanguka. Magurudumu yamewakata wengi miguu, na magenge huwanyang'anya fedha. Ulinzi wa reli ni wa lazima, nakubali, lakini anayemkwepa mlinzi huidandia treni ikiwa imeshashika kasi, na hapo ndipo miguu hupotea.

Wanawake hawa nao husimama hatua chache tu kutoka magurudumu hayohayo, wamenyoosha mikono. Mwaka 2013 kiongozi wao, Norma Romero Vásquez, alipokea Tuzo ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Mexico. Kwangu mimi, ilichelewa mno.